Ronald Ngala na Jimbo Lililoishia Mombasa

Wako watu ambao hufa wakazikwa, na neno walilolipigania likazikwa pamoja nao. Na wako wengine ambao huzikwa wao, lakini neno lao likabaki juu ya ardhi, likizunguka mijini na vijijini na kubadilisha jina kama msafiri abadilishavyo kanzu, mpaka siku moja likarudi mlangoni na kubisha hodi. Marehemu Ronald Gideon Ngala ni katika hawa wa pili. Alifariki tarehe 25 Desemba, 1972, na neno lake lilikuwa majimbo. Siku hizi neno hilo twaliita ugatuzi, na wengi walitamkao hawamkumbuki aliyelibeba kichwani wakati lilipokuwa zito.

Tumeona vema leo tumsimulie msomaji maisha ya mtu huyu kwa sababu moja. Katika kaunti ya Kwale, na hasa Kinango, liko swali linaloulizwa chini ya miembe na katika mabaraza ya wazee: je, madaraka yakishashuka kutoka Nairobi yakafika Kwale mjini, safari yake ndiyo imekwisha? Au yanapaswa kuendelea kushuka hadi Kinango, Samburu, Ndavaya na Puma? Swali hili si la leo. Lilizaliwa Ngala alipokuwa hai, na katika maisha yake yamo mengi ya kutusaidia kulijibu.

MWALIMU KUTOKA KALOLENI

Ngala alizaliwa yapata mwaka 1923 katika nchi ya Wagiriama, upande wa Kaloleni, nyuma ya Mombasa. Alisoma shule ya misheni ya St. John's hapo Kaloleni, kisha akaenda Alliance huko Kikuyu, na baadaye Makerere, Uganda, alikofunzwa ualimu. Zama hizo mtoto wa Pwani aliyefika Makerere alikuwa kama mwezi wa kuandama: watu hutoka nje kumtazama.

Aliporudi alishika chaki. Alifundisha Taita, na Mombasa akawa mkuu wa shule ya Buxton. Waliosomeshwa naye walimjua kuwa mtu wa utaratibu, mpole wa sauti, asiyependa ghasia. Tabia hiyo hakuiacha hata alipoingia katika siasa, na wako waliomhesabia upole wake kuwa udhaifu.

Jambo moja husahauliwa na wanaomtaja kama mwanasiasa tu. Mwaka 1949, kabla hajagombea kiti chochote, Ngala alitoa kitabu cha Kiswahili juu ya nchi na desturi za Wagiriama. Hapo twamwona kijana aliyesoma shule za wageni, na asiwaonee haya wazee wake. Wamijikenda wana kaya zao, na ndani ya kaya mna baraza la wazee ambalo Wadigo na Waduruma huliita ngambi. Katika baraza hilo neno halikatwi na mtu mmoja, na jambo la kaya moja halipelekwi kaya nyingine likaamuliwe huko. Mtu aliyekulia karibu na mambo haya, kisha akakaa akayaandika, si ajabu kuwa baadaye aliona ugumu kuamini kwamba nchi nzima yaweza kutawalwa kutoka ofisi moja.

ANAINGIA BARAZANI

Mwezi Machi, 1957, Waafrika wa Kenya walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria. Walichaguliwa watu 8, na Ngala alikuwa mmoja wao, pamoja na Tom Mboya, Oginga Odinga, Daniel arap Moi na Masinde Muliro. Sehemu aliyoiwakilisha ilikuwa mashamba ya Pwani, na Kinango ilikuwa ndani yake.

Ulipofanyika mkutano wa kwanza wa katiba katika jumba la Lancaster, London, mwanzoni mwa mwaka 1960, wajumbe wa Kiafrika walimweka Ngala kuwa kiongozi wao, na Mboya akawa katibu. Ni vema vijana walijue hili. Msafara uliokwenda kudai utawala wa walio wengi uliongozwa na mwalimu wa Kigiriama.

Waliporudi vyama vikaanza kuundwa. KANU ilipozaliwa mwezi Mei, 1960, Ngala alipewa cheo cha mweka hazina, na hata hakuwapo mkutanoni. Cheo hicho hakukishika. Mwezi Juni wa mwaka huo huo, huko Ngong, vyama vya makabila madogo viliungana vikafanya KADU. Walikuwapo Wakalenjin, Wamasai, Waluhya wa Muliro, Wasomali na watu wa Pwani, na Ngala akafanywa rais wa chama. Kilichowaunganisha kilikuwa hofu. Waliogopa kwamba Mwingereza akiondoka, makabila mawili makubwa yatakaa katika kiti chake, na wao watabaki walipokuwa, mlangoni.

Uchaguzi wa Februari, 1961, uliipa KANU viti 19 na KADU viti 11. Lakini KANU walikataa kuunda serikali ilhali Mzee Jomo Kenyatta yuko kizuizini. Ngala akakubali, akawa kiongozi wa shughuli za serikali. Kwa jambo hili alilaumiwa sana, akaitwa kibaraka wa Waingereza. Lakini katika muda wa serikali yake, mwezi Agosti, 1961, Kenyatta aliachiliwa, na hilo nalo lahitaji kuandikwa katika daftari lake.

MAJIMBO NA MWAMBAO

Ilikuwa mwaka huo wa 1961 KADU walipoitoa fikira ya majimbo hadharani: nchi igawanywe sehemu, kila sehemu iwe na baraza lake, polisi wake na mamlaka juu ya ardhi yake. Mfano uliotajwa sana ulikuwa Uswisi, nchi ndogo ya milima yenye lugha nne na serikali nyingi ndogo zinazoishi pamoja kwa amani.

Hapa msomaji wa Pwani lazima akumbuke kwamba wakati huo huo kulikuwa na hoja nyingine, nayo ni ya Mwambao. Ukanda wa maili 10 kutoka maji yanapofika ulikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar, na Mwingereza aliuendesha kwa mkataba wa mwaka 1895. Wako waliotaka ukanda huo ujitenge, au urudi Zanzibar. Sir James Robertson alitumwa mwaka 1961 kulichunguza jambo hilo, akashauri ukanda uunganishwe na Kenya. Ngala alikuwa upande huo. Hakutaka Pwani ikatwe kwa urefu kama papai. Alitaka watu wa pwani na watu wa bara ya Pwani wawe jimbo moja.

Hebu tazama maana yake kwa Kwale. Lau mpaka wa maili 10 ungekuwa mpaka wa nchi, Diani, Gazi, Msambweni na Vanga zingeangukia upande mmoja, na Kinango upande wa pili. Mdigo na Mduruma, ambao huoana na kuzikana, wangehitaji cheti kwenda arusini. Hofu ya Waislamu wa ukanda juu ya dini, kadhi na hati za ardhi ilikuwa ya haki, nayo ilijibiwa kwa mapatano ya Oktoba, 1963, kati ya Kenyatta na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte. Mahakama za kadhi tulizo nazo mpaka leo zina mzizi wake hapo. Kwa hiyo Waislamu walipewa ahadi ya dini yao. Mtu wa Kinango, aliyekuwa nje ya ukanda, yeye alikuwa na ahadi moja tu mkononi, nayo ni jimbo la Ngala.

RAIS WA JIMBO

Mkutano wa pili wa Lancaster, mwaka 1962, uliikubali katiba ya majimbo. Zikawekwa sehemu 7 pamoja na eneo la Nairobi. Katika uchaguzi wa Mei, 1963, KANU walishinda na Kenyatta akawa Waziri Mkuu, lakini Pwani ilibaki mikononi mwa KADU, na Ngala akawa Rais wa Jimbo la Pwani, makao yake Mombasa. Bendera ya uhuru ilipopanda tarehe 12 Desemba, 1963, alikuwa pia kiongozi wa upinzani bungeni.

Jimbo hilo halikuishi. Serikali ya Nairobi ilichelewesha fedha na mamlaka, na watumishi wakubwa walijua mshahara wao unatoka wapi. Rais wa jimbo alikuwa na cheo kikubwa na mkoba mwepesi. Wabunge wa KADU wakaanza kuvuka mmoja mmoja, na tarehe 10 Novemba, 1964, Ngala alisimama bungeni akakivunja chama chake. Mwezi mmoja baadaye Kenya ikawa Jamhuri, na madaraka ya majimbo yakafutwa. Mabaraza yake yaliachiwa jina tu, na kufikia mwisho wa muongo ule hata jina halikuwapo.

Lawama kwa Nairobi zimeandikwa sana, nasi hatuzipunguzi. Lakini iko sababu nyingine isiyosemwa mara nyingi. Jimbo lilipoanguka, hakutokea mtu wa Ndavaya wala wa Mackinnon Road aliyetoka nje kulilia. Angelilia nini? Mwaka 1963 mwenye shida ya ofisi ya jimbo alitoka Kinango hadi Kwale, Kwale hadi Likoni, akavuka feri, akafika Mombasa akiwa na vumbi la safari nzima. Alipofika alikuta meza na foleni, kama alivyozikuta zamani za mkoloni. Kwake yeye, utawala ulikuwa umehama kutoka mji wa mbali kuja mji ulio mbali kidogo. Kitu ambacho mtu hajakishika mkononi, akinyang'anywa hajui.

Na huo mfano wa Uswisi ulikuwa na nusu ya pili, ambayo katika kelele za siku zile haikupata wasemaji wengi. Kule madaraka hayakomei katika majimbo. Yanashuka hadi vijiji na vitongoji, navyo vina baraza na bajeti yake na haki ya kukataa. Sisi hapa tulibishana miaka mitatu juu ya paa, tukasahau kuuliza nguzo zitasimama wapi.

Mabaraza ya wilaya yalikuwapo, kwa kweli, na Kwale ilikuwa na lake. Lakini sheria ya mwaka 1969 iliyaondolea shule za msingi, afya na barabara, vyote vikarudi Nairobi mwanzoni mwa 1970. Kwanza jimbo lilikatwa kichwa, kisha wilaya ikakatwa miguu.

SIKU ZA MWISHO

Baada ya kuvunja KADU, Ngala hakukaa kando kununa. Katika mkutano wa KANU wa Limuru, Machi, 1966, alichaguliwa mmoja wa makamu 8 wa rais wa chama, yeye kwa niaba ya Pwani. Akawa Waziri wa Ushirika na Huduma za Jamii, na baadaye Waziri wa Nguvu za Umeme na Mawasiliano. Huenda wizara ile ya ushirika ilimfaa kuliko zote, kwa kuwa chama cha ushirika ni utawala wa watu wadogo juu ya mali yao ndogo.

Mwezi Desemba, 1972, akisafiri katika barabara ya Mombasa na Nairobi, gari lake lilipata ajali karibu na Konza. Dereva alieleza kwamba nyuki waliingia ndani ya gari. Ngala alifariki tarehe 25 ya mwezi huo, umri wake ukikaribia miaka 50. Pwani nzima ililia, Mwislamu kwa Mkristo, na wako ambao hadithi ya nyuki haikuwaingia akilini mpaka nao wakaingia kaburini.

Mwaka huo huo wa 1972, jirani zetu wa Tanzania walianza mpango wao wa madaraka mikoani. Mwalimu Nyerere alitaka kuwasogezea watu serikali, lakini katika kufanya hivyo halmashauri za wilaya zilivunjwa, na walioshika madaraka mikoani wakawa maofisa waliotumwa na Dar es Salaam. Baada ya miaka 10 ilibidi sheria itungwe, mwaka 1982, kuzirudisha halmashauri zile. Somo ni lile lile lililopatikana Mombasa. Kumtuma mtawala aishi karibu na watu si sawa na kuwapa watu utawala.

NENO LINARUDI

Neno majimbo lilipoibuka tena katika miaka ya 1990, lilirudi na sura mbaya. Vinywani mwa baadhi ya wanasiasa lilikuwa na maana ya kufukuzana. Mwezi Agosti, 1997, damu ilimwagika Likoni na kusini hadi Diani, watu wa bara wakakimbia nyumba zao, na vijana wengi wa Kidigo wakateseka mikononi mwa askari. Hofu ndiyo iliyoizaa KADU, na hofu hiyo hiyo ikichochewa yaweza kumgeuza aliyeonewa jana kuwa mwoneaji wa leo. Atakaye madaraka kwa ajili ya walio wachache hana budi kuwalinda wachache waliomo nyumbani mwake.

Kisha ikaja katiba ya Agosti, 2010. Jimbo moja la Ngala sasa ni kaunti 6: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Tangu 2013 Kwale ina gavana wake na baraza lake. Yaliyofanyika yaonekana, mashuleni na mahospitalini, na asiyeyaona ana lake moyoni. Mtu wa Kinango havuki tena feri kutafuta serikali.

Lakini Kinango ni karibu nusu ya ardhi yote ya Kwale. Ni nchi ya nyika, ya ng'ombe na mahindi yanayotegemea rehema ya mvua, na malambo ambayo hukauka watu wakiyatazama. Wadi zake 7 kati ya 20 za kaunti zinapeleka wajumbe 7 Kwale mjini, na huko ndiko fedha zinakogawanywa. Katiba, katika kifungu cha 176, inaiamuru kila kaunti nayo igatue kazi zake kadiri inavyowezekana. Sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 imetaja wasimamizi wa kaunti ndogo, wa wadi na wa vijiji, na mabaraza ya vijiji ya wazee watatu hadi watano. Ukiyasoma maandishi utafurahi. Ila wasimamizi hao huajiriwa na kaunti, na wazee wa baraza la kijiji huteuliwa na msimamizi huyo huyo wa kijiji, kisha wakaidhinishwa na baraza la kaunti. Hakuna hata mmoja anayepigiwa kura na kijiji. Tumesogea karibu, lakini ni ule mtindo wa mwaka 1972 ng'ambo ya Lungalunga: ofisa yuko karibu na bajeti iko mbali.

Mfinyanzi hulia gaeni. Bwawa la Mwache limewekwa katika ardhi ya Kinango, na sehemu kubwa ya maji yake imekusudiwa Mombasa. Hakuna ubaya kumnywesha jirani. Lakini nani aliyekaa na wenye ardhi ile, akiwa na mamlaka ya kuamua na wala si ya kupeleka habari tu? Upande wa Msambweni, kampuni ya Base Titanium imechimba madini kwa miaka zaidi ya 10 hadi ilipofunga kazi mwishoni mwa 2024. Sheria ya madini ya mwaka 2016 iliyagawa malipo hivi: asilimia 70 serikali kuu, 20 kaunti, na 10 wanakijiji wenyewe. Fungu hilo la 10 lilichukua miaka kutafutiwa njia ya kuwafikia wenyewe, kwa sababu kijiji hakikuwa na chombo chake cha kisheria cha kupokea mali na kuitolea hesabu. Haki ilikuwapo, chombo cha kuitia hakikuwapo.

Wako wasemao kwamba kushusha madaraka zaidi ni kuongeza mishahara na magari, na kwamba Wakenya wamechoka kulisha wakubwa. Hoja hiyo ina uzito. Kinango haihitaji gavana mdogo wala bunge la nne. Inahitaji kwamba wadi ipewe fungu la fedha linalojulikana mapema, kijiji kichague wazee wake chenyewe, na lambo, zahanati na barabara ya kijiji viamuliwe na hao, bila posho kubwa, hesabu ikisomwa hadharani baada ya sala ya Ijumaa na baada ya ibada ya Jumapili. Wazee wa ngambi hawakupewa magari, na kaya zilitunzwa. Pengine wataiba? Mwizi wa kijijini ajulikana kwake, ajulikana na mama yake. Wa mbali ndiye asiyeonekana.

Marehemu Ngala alitufundisha mambo mawili, moja kwa juhudi yake na moja kwa kushindwa kwake. Kwa juhudi yake tulijifunza kwamba mnyonge hana sababu ya kungoja kupewa nafasi, bali huiandika katika sheria. Kwa kushindwa kwake tulijifunza kwamba sheria isiyofika katika kiwanja cha mtu wa mwisho haina walinzi siku inapovamiwa. Jimbo lake liliishia Mombasa, na likafia huko. Hawa walioshika kaunti leo, wasipoipeleka hadi Kinango na kuivusha Kinango hadi Puma, wasije wakashangaa siku nyingine Nairobi ikinyoosha mkono kuitwaa na wasisikie kilio nyuma yao.

Mungu amrehemu mwalimu yule, na atupe sisi akili ya kumaliza somo alilolianza.